Pale Pasipo na Chai

Mtoto wangu wa kwanza hakumaliza mwezi. Tulimzika juu ya boma, mahali majani chai yanapoishia, bila msalaba, bila jiwe. Hapa kwetu mtoto mchanga hawekewi alama na jina lake halitajwi tena. Mama mkwe alisawazisha udongo kwa jembe, akasema imeisha. Iliisha kwake.

Mwaka jana wakaja vijana wa chuo na mashine waliyoiunda wenyewe: chuma kizito nyuma ya pikapu, mota inakiinua, kisha kinaachiliwa kianguke juu ya bamba lililolazwa chini. Mtikisiko unashuka, unagonga mwamba, unarudi, na vidude vilivyochomekwa udongoni vinausikiliza. Walitaka kujua kama chuma hicho kinaishinda nyundo ya mkono ya kugongea ardhi katika kutafuta maji. Mama mkwe, mwenye shamba, akakubali. Maji tuliyahitaji, sikatai.

"Kila mtu asimame!" mkubwa wao akasema, kwa sababu vile vidude hunasa hata hatua za mtu. Wachumaji wakasimama na vikapu mgongoni.

Bamba wakaliweka pale pasipo na chai. Kwa nini waharibu chai ya watu na kuna nafasi wazi?

"Mama, waambie," nikamnong'oneza mama mkwe.

"Niwaambie nini? Hakuna kitu hapo."

Chuma kikaanguka. Niliusikia mshindo kwenye meno.

Kijana mmoja akainama. "Boss, bamba limezama. Udongo wa hapa ni laini, kama umechimbwa."

"Piga tena."

Nikatembea.

"Madam! Unatuharibia kazi!"

Nikaketi juu ya bamba, mtoto wangu wa pili akiwa mgongoni. "Mnapiga mtoto wangu," nikasema. Nikataja jina lake, kwa sauti, wachumaji wote wakisikia.

Mkubwa akavua kofia. "Pole, mama. Si mngesema tu? Tungesogea."

Wakasogeza pikapu hatua chache. Basi. Ilikuwa rahisi hivyo, na mama mkwe alisimama pale akiangalia gambuti zake.

Walipoondoka, bamba lilikuwa limeacha shimo la mraba. Nililijaza kwa mikono, nikaweka jiwe juu.

Mama mkwe haongei na mimi. Jiwe analitoa, analitupa kwenye mtaro. Ninaliokota, ninalirudisha.