Nilimmiminia Kaka Yangu Chai Akajifanya Hanijui

Admin, naomba ufiche jina langu na la hoteli pia, maana Wakenya wa hapa Dubai tunajuana na wengi wanafuata hii page. Mimi ni dada wa miaka thelathini na mitatu, nina mtoto mmoja anayelelewa na mama nyumbani. Nahudumu ukumbini katika hoteli moja pale Al Rigga: kupanga viti, kubeba sahani, kumimina chai. Sijawahi kuionea haya hii kazi. Haya niliyo nayo sasa nimeletewa na kaka yangu wa tumbo moja.

Kaka ni mwakilishi wadi. Kabla ya siasa alikuwa mtu wa fedha katika benki, na sasa anatafuta ugavana. Nitamwita Mheshimiwa, kwa sababu hata mama aliyemzaa siku hizi anamwita hivyo, na akisahau anajirekebisha. Kusema kweli nilikuwa namwonea fahari. Baba alipofariki yeye ndiye aliyenisomesha. Clip zake nilikuwa nawaonyesha hadi Wafilipino ninaolala nao chumba kimoja; hawaelewi neno lakini wanapiga makofi. Wimbo wake ni mmoja: kaunti yetu imeliwa na watu wa domo, sasa inataka mtu wa hesabu, mtu aliyezoea kusema ukweli ulivyo.

Majuzi akaja Dubai kukutana na watu wa kaunti yetu. Alinipigia simu akaniambia nisijisumbue kwenda mkutanoni, tutaonana sisi wawili kando. Nikadhani anahurumia uchovu wangu. Kumbe kamati iliyomwalika ilikuwa imekodi ukumbi katika hoteli yetu, naye hata hakujua kwamba ndiyo hoteli yangu. Nilipoona jina lake kwenye ratiba ya kazi, nilimbembeleza msimamizi wetu anipange ukumbi huo, ingawa ilikuwa siku yangu ya kupumzika. Nikaenda kusukwa nywele. Nilitaka kumshtua, anione, acheke, aseme kwa maiki, "Huyu ni dada yangu."

Mnajua mikutano yetu ilivyo. Ikishafunguliwa na maombi, kila mtu anasimama kujitambulisha, anatoka wadi gani na hapa anafanya kazi gani. Mlinzi akasimama, dereva akasimama, dada wa saluni akasimama, wote wakapigiwa makofi. Mimi nilikuwa karibu na ukuta na birika mkononi, moyo unanidunda kwa furaha. Zamu ya Mheshimiwa ikafika.

"Nyinyi ni watu wangu kabisa," akasema. "Hata mimi niko na damu yangu hapa. Dada yangu ni manager kwa hoteli kubwa. Leo angekuwa na sisi, lakini kazi imempeleka Abu Dhabi."

Ukumbi ukashangilia. Akaendelea kusema kwamba akiwa gavana atawaleta vijana wetu huku Ghuba, si kuosha vyombo, bali kukaa ofisini kama dada yake.

Msimamizi, ambaye hajui Kiswahili, akaninong'oneza, "Yalla, high table first," yaani haraka, nianze na meza kuu. Nikaenda. Nilipofika kwake aliinua macho, na nikaona kabisa amenitambua, kwa sababu aliacha kuongea na jirani yake katikati ya neno. Halafu akaangalia kikombe. Nami, jamani, badala ya kusema "kaka", nilisema, "Sugar, sir?" Akajibu, "No, thank you." Kaka yangu hajawahi kunywa chai bila sukari tangu tuzaliwe.

Nililia katika choo cha wafanyakazi hadi kope zikavimba. Baadaye akanikuta kwenye korido.

"Sis, leo umeniokoa. Usichukulie vibaya, hii ni politics tu. Wangekuona hivyo wangeniuliza, mtu wa finance anashindwa aje kutoa dada yake kwa kazi ya trei?"

"Kwani kubeba trei ni wizi?" nikamuuliza.

Akaangalia simu yake. Kisha akasema atamtuma mtu aniletee koti la suti, nitafute ofisi yoyote nikae kwenye kiti, nirekodi clip ya kuwaambia vijana wa nyumbani kwamba kazi zipo na Mheshimiwa ndiye njia. Nikaitikia, "Sawa." Hilo "sawa" ndilo linaloninyima usingizi.

Clip sijarekodi. Koti lililetwa, linaning'inia kando ya kitanda changu, na wenzangu wananitania kwamba nimepandishwa cheo. Mama, ambaye anajua kazi yangu vizuri sana, ananipigia kila siku: "Kwani kuongea kidogo kutakumaliza? Mheshimiwa akishinda si hata huyu mtoto wako atatoka kimaisha?" Nikisema ukweli kwa mtu mmoja tu, wapinzani wa kaka wataupata, na nitakuwa nimemwangusha aliyenilea. Nyumbani sitakuwa na pa kurudi.

Ningenyamaza tu, lakini kuna msichana wa jirani yetu, nitamwita Mercy, anafundisha chekechea na ndiye anayemtunza mama yake mgonjwa. Alienda mkutano wa kaka kule nyumbani, akaomba namba yangu kwa mama. Jana aliniandikia hivi: "Auntie habari. Mheshimiwa amesema nitakuwa chini yako. Shuleni nimeshaacha, passport imetoka. Huko ofisini mnavaa nguo gani, nianze kushonesha?"

Naandika, nafuta. Naandika tena, nafuta. Anajua nimeusoma ujumbe wake, na ameniuliza kama nimekasirika naye. Ndugu zangu, nitukaneni mkitaka, lakini niambieni: huyu mtoto wa watu nimjibu nini?