Bibiana na Mbavu za Kondoo

Shangazi yangu Bibiana hakuwahi kuiamini nyama isiyochemshwa. Miaka kumi na miwili alipika katika nyumba ya wageni pale Masasi, na kila nyama iliyoingia jikoni mwake ilianzia sufuriani, na maji na chumvi. Nampenda sana, lakini kwa ubishi hana mpinzani.

Msimu ule ndio kwanza wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua korosho. Mmoja wao, Bwana Erasto, mtu wa makamo kutoka Dar es Salaam, alitaka watu wake sita walale na kula pale msimu mzima, ila kwanza aonje chakula. Jioni ya kwanza hakugusa kitu zaidi ya mkate, nao aliuchovya kwenye chai mpaka ukalegea. Kesho yake akaomba mbavu za kondoo za kuchoma.

Mwenye nyumba, Mama Furaha, alimwambia Bibiana wazi kwamba mgeni akisusa, ataletwa mpishi kutoka Mtwara. Akaongeza kwamba watu wa mjini hawataki nyama ya kuchemsha. Itiwe ndimu na kitunguu saumu, iende kwenye mkaa ikiwa mbichi.

Bibiana akawahi buchani kwa Hamudi kabla shoka halijaanza kazi, maana Hamudi hukatakata mnyama mzima ili kila mteja apate na mfupa wake. Akatazama mkia kwanza, asije akauziwa mbuzi. Akachagua kondoo mdogo, mwenye mbavu nyembamba na mafuta meupe, kisha akamsimamia Hamudi akizitenganisha moja moja kwa msumeno wa kuazima kwa seremala. Hamudi alinuna.

Jikoni akazipaka ndimu. Akawa anachambua mchele huku akiwaza atakavyorudi kwao Mnyambe kwa aibu, baada ya miaka yote ile. Mikono nayo ikafanya ilichozoea. Alipozinduka, mbavu zilikuwa sufuriani, zimetokota kitambo.

Alitamani kukimbia. Na kondoo buchani alikuwa ameshakwisha. Akazitoa, akazifuta maji, akazipaka korosho zilizotwangwa na pilipili, akazichoma harakaharaka mpaka zikapata rangi. Akaandaa meza.

Bwana Erasto aliuma ya kwanza kwa hadhari. Nyama ikaachia mfupa. Akala tano, ndipo akamwita Bibiana karibu.

"Mama, meno yangu ni ya bandia," alisema kwa sauti ya chini. "Kila ninakokwenda naletewa nyama ya kupigana nayo. Watu wangu watakaa hapa mpaka msimu uishe."

Bibiana akatoka na sufuria yenye supu ya zile mbavu, akaketi juu ya kuni nyuma ya jiko, akalia kwa furaha. Mama Furaha akamfuata, anatabasamu.

"Umeona sasa? Nyama isipochemshwa inalainika."

"Kweli, Mama Furaha," akajibu Bibiana, na kwa kisigino akaisukuma ile sufuria nyuma ya kuni.