Baiti Tatu Alizozibana Shemeji

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu mwema ila ana ugonjwa wa kubana. Sanduku lake la safari halifungiki mpaka alikalie. Ofisini, tunakoandika programu za vipimo vya hospitali, tunamwita Mbanaji, naye anaona ni sifa.

Kipimo chetu kipya hubana kidole cha mgonjwa na kuonyesha kiwango cha oksijeni. Kiwango kikishuka, programu husoma kwanza rekodi za nyuma, ndipo ipige kengele. Kila rekodi ina baiti moja ya alama, yaani kijinafasi kimoja cha kumbukumbu, kisha namba ya baiti nne. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine, huacha baiti tatu tupu katikati ili namba ianzie kwenye nafasi ambayo hesabu yake inagawanyika kwa nne. Mbanaji akaona huo ni upotevu wa nafasi. Akaiamuru kompaila izibane. Ikamwonya, akazima maonyo.

"Shemeji, hizo nafasi zina kazi," nikamwambia.

"Kazi gani, nazo tupu? Mbona kwangu inakwenda vizuri?"

Kwake, yaani kwenye kompyuta kubwa inayovumilia upuuzi. Chipu ndogo ya kipimo haivumilii. Ikitakiwa kusoma namba iliyokaa vibaya, inaganda hapo hapo, na kioo kinabaki na tarakimu za mwisho. Nilisema mpaka nikachoka. Sikio la kufa halisikii dawa. Kipimo alikijaribu kwa kidole chake mwenyewe, na yeye ana afya ya punda, kwa hiyo rekodi za nyuma hazikusomwa hata mara moja.

Jumamosi akampelekea mama yake, mgonjwa wa kifua. Jioni mimi na dada tukapita kumjulia hali.

"Mama anahema vibaya," dada akasema.

"Tisini na sita," Mbanaji akajibu, bila kumwangalia mama. "Yuko sawa."

Jamani, hasira zilinipanda. Nikakivua kile kipimo kidoleni na kukiweka mezani. Kikaendelea kuonyesha tisini na sita. Mbanaji akakitazama, akamtazama mama yake, kisha akambeba mpaka kwenye gari.

Hospitali walimwekea oksijeni, akapata nafuu. Nilikuwa nimejiandaa kumpasha shemeji mbele ya watu. Mama akawahi kusogeza barakoa.

"Tangu asubuhi nilikosa pumzi, mwanangu. Nikaona nisikubishie. Si ulisema mashine yako haikosei?"

Shemeji akamrudishia barakoa vizuri. Nami maneno yangu nikayameza.