Themostati ya Kuzungusha

Mimi Mwanapili nina mdomo, sikatai. Siku ile dukani pale Kona ya Musa, muuzaji alinijua.

Nilikuwa nataka themostati, kile kidude cha kupangia ubaridi wa kiyoyozi. Twaishi ndani ya gari-nyumba hapa Kinondo, mimi na mume wangu Abdulaziz. Aliliendesha miaka mingi akiwatembeza watalii, na mwenye gari alipozeeka akamwachia. Mchana bati lile hupata moto, wallahi hukai ndani bila kiyoyozi.

Sukari imempofusha mume wangu. Chai namtilia mimi, kanzu namvisha mimi, msikitini huenda akishikwa mkono. Kazi moja tu ndiyo iliyokuwa imembakia: kupanga ubaridi. Themostati ya zamani ilikuwa ya kuzungusha, na kila kituo ilikwama kidogo, kidole kikajihesabia chenyewe. Nikilalamika baridi, aliipapasa, akaizungusha, akasema, "Haya bibi, umeridhika?" Hapo alijiona bado ni mwenye nyumba. Ilipoungua, kazi hiyo nayo ikamtoka.

Tsuma, yule muuzaji, akanitolea ya kioo. "Mama, hii ndiyo ya kisasa. Unabonyeza tu, namba zinatokea."

"Namba atazisoma nani? Bonyeza wewe mwenye macho yako! Mimi nataka ya kuzungusha."

"Hizo zimepitwa na wakati, mama."

"Hata mimi nimepitwa. Nitafutie!"

Maskini, akapanda ngazi, akachakura maboksi mpaka akaipata. Nilirudi nyumbani nina furaha kama bi harusi.

Fundi alipomaliza kuifunga, nikaushika mkono wa mume wangu nikaupeleka pale. "Zungusha, Baba Ikram. Ni kama ile ile."

Akazungusha. Akarudisha. Akazungusha tena, polepole, uso umemkunjamana.

"Hii haina vituo, Mama Ikram. Yateleza tu. Wamekuuzia mbovu."

Nikaijaribu mwenyewe. Kila kituo kilikwama barabara chini ya kidole changu. Nikavitazama vidole vyake. Asubuhi ile alikuwa ameshika birika la moto asishtuke, nami nikamtania kwamba ana mikono ya mpishi. Kumbe sukari ilikuwa imeshafika huko, vidole havihisi tena. Yallah, moyo uliniuma.

"Ni mbovu kweli, Baba Ikram," nikamwambia. "Basi niachie, nitakuwa nazungusha mimi."

Akauteremsha mkono.