Kichuguu cha Jirani Kasungami

Rafiki yangu, acha nikuambie mimi mwenyewe kabla hujasikia kwa watu: nina wivu. Tena wivu wa kunikosesha usingizi. Ofisi ya meya inataka kununua ardhi ya kufanyia bustani ya mapumziko, mahali watoto wa Lubumbashi watakimbia na wazazi watakaa kwenye majani. Bado wanapima kati ya sehemu mbili, moja upande wa Ruashi, nyingine Kasungami. Hiyo ya Kasungami ni shamba la jirani yetu wa zamani, lililopakana na la kwetu, kijito tu katikati.

Likizo zetu zote tulizimalizia pale kwa nkambo, mama yake baba. Alfajiri alitugongea mlango kwa mpini wa jembe, na nani angethubutu kujikunja tena ndani ya blanketi? Tulipalilia mahindi, tukachota maji, tukatwanga sombe, majani ya muhogo, hadi viganja vikawaka. Jua likipanda alitumiminia munkoyo, kinywaji cha mahindi na mizizi, uchachu kidogo, utamu kidogo, kikombe kimoja kikituzunguka wote. Akituona tunachungulia ng'ambo ya kijito alisema, "Macho yenu ibakie kwa bukari yenu!" yaani ugali wetu. Lakini macho yalikuwa yamekwisha kwenda.

Maana kwa jirani kulikuwa na kichuguu kirefu kupita nyumba, miti imeota juu yake. Sisi pia tulikuwa na chetu, sikatai. Ila mvua za kwanza zikinyesha, chao kilizungukwa na bowa, uyoga mweupe, mpana, mmoja unatosha kufunika kichwa cha mtoto. Chetu kilitoa kidogo tu, tena wa kuokotaokota. Na desturi ilikuwa wazi: bowa wa kichuguu ni wa mwenye shamba, hata uwe unauona kwa macho yako huvuki kijito. Basi tulisimama kumwangalia binti wa jirani, mdogo kwangu, akijaza kikapu chake polepole, makusudi, akiimba. Jioni harufu ya bowa na karanga ilitufuata hadi ndani. Nilimchukia yule mtoto, jamani! Nilimchukia huku mate yananitoka.

Nkambo alipofariki, baba na ndugu zake wakataka kujenga. Kila mtu Kasungami anajua kwamba udongo wa kichuguu ndio unaotoa matofali mazuri. Wakakikata chetu, wakafyatua, wakapanga tanuru, wakachoma, moshi ukakaa juu ya shamba siku nyingi. Mvua iliyofuata hakukuota bowa hata mmoja. Udongo ulipokwisha, shamba lenyewe wakalikata parseli, viwanja vidogovidogo, wakaliuza. Jirani aliyekataa kugusa kichuguu chake walimcheka. "Ule muzee anachunga mavumbi," baba alisema, na sisi tukacheka naye.

Jumapili nilikwenda kumsalimia binti wa jirani, nikamkuta na mtu wa ofisi ya meya, wanazunguka shamba. Baba yake hayupo tena, sasa analima yeye. Wanunuzi wa parseli wanamsumbua kila wiki, na anaomba meya anunue ili shamba libaki zima. Maana, yule mtu alisema, bustani ikija, miti haikatwi na kichuguu hakiguswi. Moyo ulinichoma. Yaani utoto wake utawekewa uzio na viti, utunzwe na jiji zima, na wa kwangu uko chini ya sakafu za watu!

Kisha yule mtu akanigeukia, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa pale. "Mama, mvua ikinyesha, maji inafikaka mupaka wapi?"

Hapo, rafiki, nilishikwa. Ningesema bonde lote linafurika, wangekwenda zao Ruashi. Binti wa jirani aliniangalia. Ulimi ulikuwa tayari kabisa.

"Inafikaka kwa ile muti tu," nikasema. "Huku juu iko mukavu."

Ndiyo kweli yenyewe, na ilinitoka kama jino linalong'olewa. Mtu wa meya akashukuru. "Na kwenu, mama, kulikuwaka wapi?"

Nikageuka kumwonyesha. Kuta, mabati, kuta tena. Nikanyoosha mkono huku, nikaushusha, nikaunyoosha kule. Nyumba ya nkambo ilikuwa wapi? Ayee, nilikuwa nimepotea kwetu!

"Hapana kule, yaya," binti wa jirani akasema taratibu, akiniita dada mkubwa. Akanishika kiwiko, akanigeuza. "Iko pale, kwa ile mulango ya buluu. Nyumba yenu ilikuwaka inaangalia jua. Miye nilikuwa naionaka kila asubui."

Nikautazama ule mlango wa watu. Shamba analo, kichuguu anacho, na hata kwetu, anayepakumbuka ni yeye. Nikakitoa kiwiko changu mkononi mwake, na asante sikumwambia.