Mlango wa Mzee wa Mto wa Mpaka

Siku yangu ya kwanza kazini, huko Louisville, Marekani, nilimwogesha mama wa watu kwa maji baridi kwa sababu sikujua kuzungusha bomba lao. Alipiga kelele, nami nikapiga kelele kumzidi. Msimamizi wa zamu akaja mbio. "Wewe hutafika Ijumaa," akasema. Nimeacha juzi, baada ya miaka kumi na tisa, magoti yalipokataa.

Ninyi mnaoanza kuhudumia wazee, mimi sikusoma. Niliishia darasa la tano wazazi wetu walipouawa, nikawa mama wa wadogo zangu watatu. Kazi niliijua kwa mikono: kumgeuza mgonjwa kitandani kila baada ya saa mbili asipate vidonda, na kumfunga kiunoni mkanda mpana ili akiyumba umdake bila kumtegua bega.

Columbus, katika nyumba ya wazee ya mtaa wa Clintonville, muuguzi mkuu alikuwa Mkenya. Alinikuta nikibishana na bibi mmoja aliyetaka kwenda kukamua ng'ombe.

"Mama, ukishinda hiyo kesi utapewa nini?" akaniuliza. "Akili yake iko huko. Mfuate aliko."

Nikachukua ndoo, tukaenda kukamua.

Buffalo ndiko nilikomkuta mzee wa Kifini, aliyepigana vita akiwa kijana. Alichora mto uleule kila siku kwenye karatasi za kupangusia mdomo: ng'ambo hii Ufini, ng'ambo ile Wasovieti. Alinionyesha mahandaki yaliyochimbwa kwa kona kona ili vipande vya bomu visipite moja kwa moja, mawe makubwa yaliyopangwa safu kuzuia vifaru, seng'enge, na chumba cha zege chini ya ardhi chenye mlango wa chuma. "Mizinga ikilia, mlango haufunguliwi," aliniambia, kama bosi anayempa mgeni kanuni. Kila asubuhi alisukuma meza na kiti, akaziba mlango wa chumba chake.

Mkuu wa wauguzi alichoka. "Akiziba tena kesho, anahamia wodi ya kufungiwa."

Mtu anayejificha kwa hofu ya mizinga, umfungie kwa nje!

Kanuni yetu ilikuwa kugonga mara mbili na kuingia. Kesho yake mlango ulikuwa umezibwa, na kwa hofu nikajisahau, nikabisha kama kwetu Kivu: unapiga hodi, unasubiri. Kimya. Nikapiga ya pili. Kwetu ya tatu isipoitikiwa unaondoka. Kulazimisha ni aibu.

Mama Furaha, Mkongo mwenzangu wa zamu, alicheka. "Bon, yaya, utasimama hapo mpaka pensheni?"

Nikapiga ya tatu. Kimya. Nikageuka niondoke.

Meza ikakwaruza sakafu. Mlango ukafunguka, na mzee akanishika uso kwa mikono miwili.

"Antti," akasema. "Nilikusikia. Uligonga mara tatu. Mkono wangu ulikuwa kwenye komeo."

Hapo nikaelewa. Huyo Antti aliachwa nje, mizinga ikilia, na rafiki yake alikuwa ndani akisikiliza.

Nami nilikuwa na mto wangu. Nilivuka Ruzizi, mpakani kwetu, nikiwa nimeshika wadogo wawili. Wa tatu, Bahati, alikuwa nyuma. "Yaya!" aliita, ndivyo tunavyomwita dada mkubwa. "Yaya!" Risasi zilikuwa zinalia. Aliita mara ya tatu. Sikugeuka. Hajaonekana mpaka leo.

Nilifundishwa kumfuata mtu aliko. Hakuna aliyenifundisha kama naweza kusamehe kwa niaba ya marehemu.

"Nimefika," nikasema. "Nje kuna baridi."

"Ingia," akasema akilia. "Ingia, ingia."

Hakuziba mlango tena, wala hakuhamishwa. Alifia chumbani mwake, mlango ukiwa wazi.

Watu huniuliza kazi gani ilikuwa ngumu, kuinua au kuosha. Ni neno lile, nimefika. Antti hakunituma. Bado nashtuka nikikumbuka jinsi lilivyonitoka upesi, kana kwamba nilikuwa nimeliweka mdomoni miaka yote nikingoja Bahati aniambie mimi. Wadogo zangu wawili hawajui kwamba siku ile mtoni nilimsikia akiita. Watalijua kwa maneno haya.

Sasa nakaa nyumbani, Lower West Side, hapa Buffalo. Wajukuu hunicheka kwa Kiingereza ninavyokimbilia mlango na magoti haya. Wacha wacheke. Hodi ikipigwa, mimi sisubiri ya tatu.