Mashuka ya Ghorofa ya Juu

Siku hizi nimechoka, uchovu wa mifupa, usioondoka kwa kulala. Nikijinyoosha mchana namkumbuka mama, na usingizi wenyewe unanikimbia.

Mama alifua mashuka ya meli kubwa, ile nyeupe ya ghorofa tatu iliyokuwa ikifika bandarini kwetu Kisangani. Alifua, akatia buluu, akapiga pasi ya makaa, miaka nenda miaka rudi. Juu walilala Wazungu. Sisi tukisafiri tulibanana na mbuzi kwenye matishali yaliyofungwa mbele ya meli. Mama alikuwa na hamu moja tu, naye hakuificha: alale siku moja juu ya shuka alilolifua mwenyewe.

Uhuru ulipokuja, Wazungu wengi wakaondoka. Msimamizi mpya wa meli, jirani yetu wa mtaa wa Kabondo, akampa mama kabini, chumba cha juu, bure mpaka bandari ya Barumbu, safari ya kutwa moja. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikaenda naye.

Tuliondoka alfajiri. Mama aligeuza pindo la shuka, akalitambua, akacheka peke yake. Alikuwa anavua viatu mlango ulipogongwa. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa amepanda kutoka kwenye matishali.

"Mama ya batoto, uniwekee hii kifurushi. Kule chini batu banaiba."

Kwetu ukipata chumba, ukoo mzima umepata chumba. Akaja jirani mwingine na makapu ya samaki wa moshi. Wakaja wanawake wawili nisiowajua, wanadai undugu wa huko Bafwasende, na kuku wao. Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Mama aliwapokea wote.

"Utalala saa ngapi, mama?"

"Bon, bamalize kwanza kuleta."

Akakaa mlangoni kulinda vitu vya watu. Mimi nikapanda kitandani ili wasiweke samaki juu ya shuka. Nikamwambia namshikia nafasi. Shuka lilikuwa baridi, linanukia sabuni na jua. Honi ya Barumbu ndiyo iliyonishusha.

"Iko namna gani kulala mule?" mama aliniuliza gatini.

"Iko muzuri, mama."

Alifurahi kwelikweli, na hilo ndilo linaloniuma.

Tulirudi nyumbani kwenye matishali, kama kawaida yetu. Kisha uasi ukaingia mjini. Meli ikakaa bandarini bila safari, na mama akafa kwa homa kabla haijaondoka tena.

Wanangu wakiniuliza, nasema bibi yao alinihurumia, akaniacha nilale. Ni kweli, lakini si yote. Kabla ya Barumbu niliamka. Vifurushi vilikuwa vimekwisha kuchukuliwa, mlangoni hapakuwa na mtu wa kugonga. Mama alikuwa amesimama kando ya kitanda, mkono kiunoni, viatu kavua. Nilimwona vizuri. Nikafumba macho, nikajifanya nimelala.